Kibodi ya kwanza ya mekanikali: pesa iende kwenye kisichobadilika

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta katikati ya Kampala na kusema unatafuta kibodi ya mekanikali, muuzaji atakuuliza rangi kabla hujamaliza kusalimia. "Bosi, bluu, nyekundu au kahawia?" Si swali baya, ila limewahi mno. Rangi inayozungumzwa hapo ni ya swichi, na swichi, kile kijisanduku kilicho chini ya kila kitufe, ni kitu ambacho, kwenye kibodi iliyochaguliwa vizuri, unaweza kuking'oa mwakani na kuweka kingine bila kumwita fundi. Ukubwa wa kibodi huwezi kuubadilisha. Umbo la Enter huwezi kulibadilisha. Bodi ya saketi iliyomo ndani utaishi nayo mpaka siku utakapoiuza. Kwa mtu aliyejikusanyia laki moja na ushee ya shilingi, tofauti hiyo ndiyo ya kuanza nayo, rangi ije baadaye.

Naandika nikiwafikiria zaidi watu wanaochapa kwa kazi: wale wa Nasser Road na Wandegeya wanaoletewa tasnifu zilizoandikwa kwa kalamu na kuambiwa zinatakiwa kesho, wahasibu, watafsiri, waandishi wa programu. Wacheza gemu nao wamo, lakini nitawagusa kidogo tu. Wana washauri wa kutosha, na wengi wao wanapiga kelele.

Kinachotokea chini ya kidole

Kibodi ya kawaida, ile inayokuja na kompyuta ya ofisi, ndani yake ina karatasi tatu za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya katikati ina matundu. Juu ya karatasi hizo limetandazwa shuka la mpira lenye vikuba vidogo, kimoja kwa kila kitufe. Ukibonyeza, kikuba kinabonyea na kuisukuma plastiki ya juu ipite kwenye tundu hadi iiguse ya chini, na hapo ndipo kompyuta inapojua umebonyeza. Tatizo ni kwamba mguso huo hutokea mwishoni kabisa mwa safari ya kitufe, kwa hiyo lazima uzamishe kidole mpaka chini, herufi baada ya herufi, kutwa nzima. Na mpira huchoka. Baada ya muda vitufe vinavyotumika sana hulegea au hugoma, na kila kimoja kinakuwa na tabia yake. Watengenezaji wengi huzikadiria kibodi za aina hii uhai wa mibonyezo milioni 5 hadi 10 kwa kila kitufe.

Kwenye kibodi ya mekanikali kila kitufe kina swichi yake, kijisanduku cha plastiki kinachojitegemea. Ndani mna springi, mna shina linalopanda na kushuka, na mna vipande viwili vyembamba vya chuma. Kitufe kikitulia, miguu ya shina huvitenga vyuma hivyo visigusane. Shina likishuka, miguu inapisha, vyuma vinakutana, herufi inatoka. Katika swichi nyingi hilo hutokea baada ya milimita 2 hivi, na safari nzima ni milimita 4. Yaani herufi imeshaandikwa kidole kikiwa nusu ya njia. Cherry, kampuni inayotengeneza swichi, huzikadiria zake nyekundu mibonyezo milioni 100.

Wengi hudhani faida yake ni kasi. Mtu anayechapa maneno 40 kwa dakika hatachapa 70 kwa sababu amenunua kibodi mpya. Hilo linatokana na kujifunza kuchapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Anachopata ni kuchelewa kuchoka, vitufe vinavyojibu kwa namna moja leo na miaka mitano ijayo, na kifaa kinachotengenezeka. Kama hayo matatu hayakuhusu, baki na kibodi yako ya ofisi na pesa zako uzifanyie jambo jingine. Nasema hivyo bila kejeli.

Hao Cherry ni kampuni ya Ujerumani, na swichi zao za MX ziliingia sokoni katika miaka ya 1980. Kwa muda mrefu ukitaka mekanikali ya kisasa ulipitia kwao au kwa wachache wengine, na bei ilikuwa juu. Hataza yao, yaani haki ya kuzuia wengine kuiga, ilipokwisha katika muongo wa 2010, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikamwaga sokoni swichi za umbo lilelile, zenye shina lilelile la alama ya kujumlisha. Bei ikaporomoka. Ndiyo sababu leo tunaweza kuzungumzia mekanikali na bajeti ndogo katika sentensi moja. Muuzaji akikutajia "Cherry" kama sababu ya kuongeza elfu sitini, mshukuru na uendelee kutazama rafu. Gateron nyingi huteleza vizuri kuliko Cherry za zamani, na Outemu, ingawa zina mkwaruzo kidogo, hufanya kazi.

Rangi, na kidole kidogo cha kushoto

Turudi kwa muuzaji na swali lake. Familia za swichi ni tatu. Kuna laini, zinazoshuka moja kwa moja bila kizuizi, na nyekundu ndiyo inayojulikana zaidi. Kuna zenye kinundu, ambazo kidole huhisi kitu kidogo katikati ya safari. Hizo ni kahawia. Kuna zenye kinundu na mlio juu yake, tik, kila unapobonyeza. Hizo ni bluu. Nyeusi ni laini pia, ila nzito. Nje ya hizo nne, rangi ni uamuzi wa kampuni tu. Njano ya Gateron ni laini, lakini hakuna sheria inayoizuia kampuni nyingine kuipa njano tabia tofauti kabisa. Ukikutana na zambarau au kijani, soma maelezo, usikisie.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni uzito. Swichi nyekundu ya Cherry inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi ili herufi itoke. Nyeusi na bluu ziko karibu na 60. Namba hizo hazina maana mpaka uzishike mkononi, na wachapaji wanazo mezani: karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Basi nyekundu ni karatasi tisa juu ya ncha ya kidole, bluu ni kumi na mbili. Karatasi tatu za ziada si kitu kwa herufi moja. Ukurasa wa tasnifu una herufi zaidi ya elfu moja, na tasnifu ina kurasa.

Halafu uzito huo haugawanywi sawa. Mpangilio wa herufi wa QWERTY, huu ulio kwenye kibodi zetu, ulitengenezwa Marekani katika miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine za chapa na kwa Kiingereza, na A ikawekwa chini ya kidole kidogo cha kushoto, dhaifu kuliko vyote isipokuwa pacha wake wa kulia. Kwa Mwingereza si shida kubwa. Sisi chukua sentensi yoyote: "Wanafunzi wa chuo walikataa kulipa ada." Ina herufi 33, na 10 kati yake ni A. Karibu theluthi ya kazi yote imeangukia kidole kimoja, na ndicho kile kile kinachobeba Shift ya kushoto. Mchapaji wa Kiswahili anayelalamika maumivu ya upande wa nje wa kiganja cha kushoto halalamiki bure. Kwa hiyo ushauri wa mitandao ya Kiingereza kwamba uzito ni suala la ladha tu, mimi siukubali kwa lugha yetu. Anza na swichi nyepesi.

Bluu ina wapenzi wengi, na naelewa. Dukani, katikati ya honi za teksi na vipaza sauti vya wauzaji wa William Street, ule mlio ni mtamu; unahisi unafanya kazi ya maana. Usiku, kwenye nyumba za chumba kimoja ambako ukuta mmoja unatenganisha familia mbili, mlio uleule unakuwa kesi. Ofisini vivyo hivyo. Na kwenye mikutano ya mtandaoni kipaza sauti cha kompyuta kitawasikilizisha wenzako kila herufi. Kama unafanya kazi peke yako kwenye chumba chenye mlango, nunua bluu na ufurahi. Vinginevyo, iache.

Kahawia huuzwa kama suluhu ya wote, na kwa kweli kinundu chake ni kidogo mno hivi kwamba wengi huizoea ndani ya wiki mbili na kusahau kuwa kipo. Haina ubaya. Mimi kwa kibodi ya kwanza ningechukua laini nyepesi, nyekundu au njano ya Gateron, nikijua kwamba siku za mwanzo herufi zitatoka zenyewe pale vidole vinapopumzika juu ya vitufe. Aliyezoea kugonga kibodi ngumu za ofisi atahitaji kujifunza kugusa.

Ukubwa na mpangilio

Hapa ndipo watu hujutia. Kibodi kamili ina vitufe 104, pamoja na namba za pembeni. Ukikata namba unabaki na 87. Ukizibana safu zisiwe na nafasi katikati unapata 84 hivi, ambayo huitwa asilimia 75. Ukiondoa safu ya F1 hadi F12 lakini ukaacha mishale, ni asilimia 65, vitufe 68 hivi. Na ukiondoa hata mishale, ni asilimia 60, vitufe 61.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopatikana kwa bei ya chini, na ndiyo inayopendeza kwenye picha. Royal Kludge RK61 ni mfano mzuri: ndogo, nyepesi, inaingia kwenye begi. Lakini jaribu kuhariri tasnifu ya watu bila mishale. Kusogea herufi moja kushoto kunataka vidole viwili. Kuchagua neno zima kwa Ctrl na Shift na mshale kunataka vinne. Kwenda mwanzo wa mstari, mwisho wa mstari, ukurasa unaofuata, vyote vimefichwa nyuma ya kitufe cha Fn, ambacho lazima ukishike kwanza. Mwandishi wa programu atazoea, pengine atapenda. Mchapaji anayelipwa kwa ukurasa atapoteza pesa kila siku kwa sababu alitaka kibodi inayokaa vizuri kwenye picha. Kwa kazi ya Word, chukua 87 au asilimia 75, usishuke chini ya 65. Mhasibu na mtu yeyote anayeingiza tarakimu kwenye Excel asidanganyike kuacha namba za pembeni. Kama meza ni ndogo, zipo za vitufe 96 hadi 100 ambazo zimebana namba karibu na herufi.

Jambo la pili ni Uingereza na Marekani. Baadhi ya kompyuta mpakato zilizotumika zinazouzwa hapa zilitoka Uingereza, na kibodi zake zina Enter ndefu inayoshuka mistari miwili, alama ya @ karibu na Enter, na alama za kunukuu juu ya 2. Kibodi za mekanikali za bei nafuu karibu zote ni za mpangilio wa Marekani: Enter fupi, @ juu ya 2. Ukiichomeka kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Uingereza, ukibonyeza @ utapata alama ya kunukuu, na utadhani umeuziwa mbovu. Si mbovu. Kibodi hutuma namba ya kitufe tu. Anayeamua namba hiyo ni herufi gani ni Windows. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza mpangilio wa Marekani, kwisha. Huo wa Marekani ndio ningekushauri ubaki nao, kwa sababu kofia za akiba, yaani vile vifuniko vya vitufe vyenye herufi, na vipuri vingi vya bei rahisi vimekatwa kwa kipimo chake. Kitufe cha kibainishi cha ng' kiko palepale katika mipangilio yote miwili, karibu na kidole kidogo cha kulia, kwa hiyo upande huo hakuna hasara.

Soketi

Kuna njia mbili za kuifunga swichi kwenye bodi. Ya kwanza ni kulehemu: miguu ya chuma inapita kwenye bodi na kuchomelewa kwa risasi. Ya pili ni soketi: miguu inachomekwa tu, na inatoka ukivuta kwa koleo dogo ambalo mara nyingi huja kwenye boksi. Kwa kibodi ya kwanza, soketi ndiyo sifa ambayo ningeilipia elfu ishirini au thelathini za ziada bila kunung'unika, kuliko taa, kuliko betri, kuliko jina.

Sababu moja ni kwamba hujui bado unapenda nini. Hakuna anayejua kabla hajachapa wiki kadhaa. Ukikosea rangi kwenye kibodi ya kulehemu, umekosea kibodi nzima. Kwenye soketi umekosea pakiti ya swichi, ambayo unaweza hata kubadilishana na mwenzako.

Sababu ya pili ni vumbi letu. Miezi ya ukame, kibodi iliyo karibu na dirisha linalotazama barabara ya udongo huwa nyekundu yenyewe. Vumbi likiingia kati ya vile vyuma viwili, mguso unayumba na kitufe kinaandika mara mbili. Kwa Kiingereza kosa hilo kisahihishi cha tahajia hulinasa. Kwetu "kukata" ikigeuka "kukataa", kompyuta inanyamaza, na mteja wako ndiye atakayeiona. Na kitufe kinachoharibika kwanza ni kipi? A, bila shaka. Kwenye kibodi ya kulehemu unatafuta fundi wa simu mwenye mkono mtulivu. Kwenye soketi unang'oa swichi ya A, unang'oa ya Q au X ambazo Kiswahili hakizitumii, unazibadilisha nafasi, dakika mbili, unaendelea na kazi. Mbinu hiyo inakubali pia kwa lile suala la uzito: hakuna kinachokuzuia kuweka swichi nyepesi chini ya A peke yake na kuacha nyingine zilivyo.

Soketi nazo zina mitego. Baadhi ya kibodi za bei ya chini kabisa zina soketi zilizotengenezwa kwa Outemu tu, kwa kuwa miguu ya Outemu ni myembamba kidogo. Ukilazimisha Gateron unavunja. Uliza kabla, au tafuta maelezo yanayosema inapokea swichi za miguu mitatu na mitano. Ile mitano ina vijiguu viwili vya ziada vya plastiki vya kuituliza tu. Kama bodi haina matundu yake, unavikata kwa kikata kucha na swichi inaingia. Na unapochomeka, angalia miguu ya chuma imenyooka. Ukisukuma mguu uliopinda, unaikunja swichi na pengine kuing'oa soketi kutoka kwenye bodi, na hapo umerudi kwa fundi wa kulehemu.

Mpira uliojifanya swichi

Sokoni zimejaa kibodi zenye taa za upinde wa mvua na maandishi yanayosema zina hisia ya mekanikali. Hisia. Hizo ni kibodi za mpira zilizovalishwa vitufe virefu na plastiki ya bluu chini ya kofia. Si lazima ziwe mbaya, kwa bei yake. Shida inaanza pale zinapouzwa kwa bei ya swichi.

Kung'oa kofia na kuona alama ya kujumlisha hakutoshi, kwa sababu baadhi ya hizo za mpira zina shina la umbo hilohilo. Kipimo cha uhakika ni hiki: chomeka kibodi, fungua Notepad, ubonyeze kitufe polepole kadiri unavyoweza huku ukitazama skrini. Kwenye mekanikali herufi itatokea kidole kikiwa katikati, na bado kuna nafasi ya kushuka. Kwenye mpira herufi itatokea ukishafika chini. Hakuna kibandiko kinachoweza kudanganya hapo. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka, mwambie asante.

Ukiwa bado hapo, bonyeza kila kitufe, vyote, usione aibu. Gonga kitufe cha nafasi kushoto, katikati na kulia: kama upande mmoja unagoma au unapiga kelele ya bati, stabilaiza, yaani kile chuma kinachosawazisha vitufe virefu, imekaa vibaya. Enter, Shift na Backspace zina stabilaiza pia. Kelele kidogo hutibika kwa grisi nyepesi isiyoharibu plastiki, ukipaka kidogo sana. Kugoma ni habari nyingine. Omba kibodi tofauti.

Mcheza gemu ashike vitufe vinne vitano kwa pamoja aone kama vyote vinasajiliwa. Kibodi nyingi za mekanikali hupita mtihani huo hata za bei ya chini.

Vinavyobaki

Kofia za vitufe ni za plastiki ya aina mbili. ABS hulainika na kung'aa kwa mafuta ya vidole. PBT hudumu na ukavu wake. Kilicho muhimu zaidi kwa anayechapa akitazama vitufe ni jinsi herufi ilivyowekwa. Iliyochapwa juu kwa wino itafutika, na nimeshasema ni ipi itakayotangulia. Iliyotengenezwa kwa plastiki mbili za rangi tofauti haifutiki hadi kofia iishe. Lakini kofia hubadilishwa, kwa hiyo zisikuzuie kuchukua kibodi yenye soketi na mpangilio mzuri.

Taa hazifanyi kazi yoyote isipokuwa kwa mtu anayechapa gizani, naye anahitaji taa moja nyeupe. Kibodi isiyo na waya ni nzuri kwa anayehama kati ya simu na kompyuta, ila unalipia betri ambayo baada ya miaka michache itachoka. Kwa bajeti ya kwanza chukua ya waya, mradi waya wenyewe unachomoka kwenye kibodi kwa USB-C. Waya ndio unaokatika kwanza, na wa USB-C unanunua popote wanapouza chaja za simu.

Kimo nacho kiangaliwe. Mekanikali ni nene kuliko kibodi uliyozoea, na meza zetu nyingi ziko juu kuliko zinavyopaswa. Ikunje miguu ya nyuma ilale, au uinue kiti.

Bei mpaka ikufikie

Dola moja imekuwa ikizunguka kati ya shilingi 3,500 na 3,800 miaka hii ya karibuni. Redragon K552, ya vitufe 87 na waya, kwa kawaida huuzwa nje kati ya dola 30 na 40, na Keychron C3 Pro, ya ukubwa huohuo, iko chini kidogo ya 40. Kwa hiyo kibodi yenyewe ni kama 125,000 kabla haijapanda ndege. Zote mbili angalia toleo kwa makini, kwa sababu kila moja ina matoleo ya kulehemu na ya soketi chini ya jina moja. Royal Kludge RK84, ya asilimia 75, bei yake iko juu yao.

Ukiagiza mwenyewe, ongeza usafiri na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, pamoja na tozo nyingine za forodhani. Wengi hupitisha mzigo kwa wasafirishaji wa Guangzhou na Dubai wanaotoza kwa kilo, na hapo kibodi inakuwa bidhaa ya ajabu: ya plastiki ya vitufe 87 ina karibu kilo moja, na zile za kasha la alumini zinazosifiwa na kila mtu zinakaribia mbili. Unalipia chuma kisafirishwe ili kibodi isiteleze mezani. Mpira wa chini hufanya kazi hiyohiyo. Zenye betri ya lithiamu zina masharti ya ziada kwenye ndege, na si kila msafirishaji atazipokea. Hiyo ni sababu nyingine ya waya.

Kwa kibodi ya kwanza mimi ningenunua hapahapa, hata kama inazidi kwa elfu thelathini au arobaini, ilimradi duka liniruhusu kuchomeka na kubonyeza, na risiti iseme ni siku ngapi naweza kuirudisha. Nenda na kompyuta yako. Ukinunua mtandaoni kutoka kwa muuzaji wa humu nchini, omba kulipa mzigo ukifika, na ufanye kile kipimo cha Notepad mbele ya boda aliyekuletea. Atakuharakisha, ana wateja wengine. Mwongezee kidogo asubiri.

Na kama huna kompyuta bado, au umeme umekatika na betri ya kompyuta imekwisha, kibodi ya waya inafanya kazi kwenye simu nyingi za Android kwa adapta ndogo ya OTG, ile inayounganisha waya wa USB na simu. Zima taa za kibodi kwanza. Zikiwaka zote, simu inaweza kuikataa kwa kuwa inavuta umeme mwingi, au ikakubali na kuishiwa chaji kabla hujafika sura ya pili.